Mirija mipya ya breki: uchambuzi wa kisa cha ununuzi wa pikapu ya zamani

Mimi ni fundi wa magari ya dizeli, na kisa hiki ninakiandika nikiwa mmoja wa waliokosea. Majina, namba za usajili na maeneo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa. Mnunuzi, aliyenilipa nimkagulie gari, ameridhia kisa kiandikwe. Nimemwita Mama J. Muuzaji namwita mzee, kwa sababu ndivyo tulivyomwita siku zote mbili za ukaguzi.

Usuli

Mama J. ananunua mboga milimani Usambara na kuzishusha hadi Mombo, ambako zinapakiwa kwenye Fuso za Dar es Salaam. Kabichi, karoti, hoho, na msimu ukiwa mzuri matenga ya nyanya. Kwa miaka minne alikuwa akikodi pikapu ya jirani, na siku ambayo jirani ana mzigo wake, hoho zake zinalala kijijini na kesho yake bei si ileile. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi milioni 14 katika kikoba na benki. Hiyo ndiyo ilikuwa pesa yote: gari, matengenezo ya kuanzia, uhamisho wa umiliki, bima.

Barabara yake ndiyo iliyoamua aina ya gari. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa zipatazo 33 za lami yenye kona na genge upande mmoja, lakini mboga hazikui kwenye lami. Zinatoka kwenye njia za udongo mwekundu zinazopanda pembeni, ambako mvua ikinyesha gari lisilo la fowili, yaani lisilosukumwa na magurudumu yote manne, linabaki palepale. Akataka Hilux ya zamani ya dizeli, ile ya miaka ya tisini yenye springi za mabamba mbele na nyuma. Nilimuunga mkono. Injini yake, iitwayo 3L, haina tabo wala kompyuta, na vipuri vyake unavipata hata kwenye duka la mji mdogo. Ukizijali oili na maji, inafanya kazi muda mrefu.

Gari na tangazo lake

Dalali alituma picha sita na maelezo mafupi: namba C, injini 3L, haijawahi kufunguliwa, fowili inaingia, nyaraka zote safi, milioni 14 na nusu, maongezi yapo. Lilikuwa Tanga mjini.

Niseme jambo moja kuhusu hizo herufi, maana watu wanazilipia pesa. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu inaonesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Haisemi liliundwa lini, wala lilifanya kazi gani kabla na baada ya hapo. Gari la namba D linaweza kuwa kongwe kuliko la namba A. Dalali analijua hilo, mnunuzi mara nyingi halijui.

Katika picha zote sita hakuna hata moja iliyopigwa chini ya gari. Hilo ni kawaida, sikulipa uzito.

Siku ya kwanza: injini ya moto

Tulifika saa nne asubuhi. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa nikaweka kiganja juu ya boneti: moto. Mzee akasema alilitoa kidogo kwenda kununua mkate. Huenda ni kweli. Lakini dizeli ya zamani iliyopashwa haikuambii kitu; ugonjwa wake unaonekana inapoamka baridi. Nikamwambia Mama J. pembeni kwamba leo tusiwashe hata mara moja, tuangalie makaratasi na bodi, kesho turudi saa kumi na mbili kabla mtu hajaligusa.

Dalali hakupenda. Akasema kuna mteja kutoka Moshi yuko njiani na pesa mkononi. Mama J. akamjibu kwa upole, “Basi kaka, akifika kabla yetu litakuwa la kwake.” Kesho yake mteja wa Moshi hakuwepo, na sijamsikia tena.

Siku hiyo ya kwanza ilitusaidia kwenye kadi. Kadi ya gari iliandika injini ya 2L, yaani lita 2.4. Iliyokuwa ndani ya boneti ni 3L, lita 2.8, namba yake ikisomeka vizuri kwenye bloku. Kwa hiyo ile “haijawahi kufunguliwa” ilikuwa na maana yake: injini iliyozaliwa na gari hili ilikwishatolewa, na hii ni nyingine. Kubadilisha injini si kosa, magari mengi ya umri huu yamebadilishwa. Tatizo ni kwamba mabadiliko hayakuandikishwa, na siku ya kuhamisha umiliki mkaguzi akilinganisha namba na kadi, shughuli inasimama. Namba ya chesesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, tuliikuta mahali pake, kwenye mhimili wake wa kulia karibu na gurudumu la mbele, nayo ililingana na kadi bila alama ya kukwaruzwa wala kugongwa upya.

Tukaangalia na deni la faini za barabarani kwa namba ya gari: tatu, za shilingi 30,000 kila moja. Mzee akacheka, akasema hizo ni za kijana wake.

Siku ya pili: injini baridi, kisha chini ya gari

Tulifika saa kumi na mbili na robo. Boneti baridi, umande bado upo. Taa ya hita ikawaka na kuzima, ufunguo ukazungushwa, injini ikashika mara ya pili. Moshi mweupe kidogo ukatoka, ndani ya dakika moja ukaisha. Nikafungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, nikakiweka juu ya tundu bila kukifunga: kilitetemeka, hakikuruka. Injini iliyochoka inakirusha kifuniko hicho kama sufuria ya uji unaochemka. Maji ya rejeta yalikuwa na rangi ya kutu, bila mafuta juu yake na bila mapovu nilipokanyagiwa mafuta.

Nilikuwa nimeazima geji ya kompresheni, inayopima nguvu ya mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Nikafungua hita plagi zote nne, zile zinazopasha silinda kabla ya kuwasha, na kupima: 27, 26, 27 na 25, kwa bar. Kwa 3L, ikishuka chini ya 20 hapo unazungumzia kuifungua injini nzima na kuitengeneza upya; tofauti kati ya silinda na silinda nayo ilikuwa ndogo. Kazi hiyo peke yake ilikula karibu saa moja na nusu. Kumbukeni muda huo, nitaurudia.

Tulipoliendesha, klachi ilikuwa nzima: handbreki juu, gia ya tatu, achia taratibu, injini ikazima kama inavyotakiwa. Gia ya pili ilikuwa ikiruka unapoachia mafuta. Fowili iliingia baada ya kubembelezwa. Taa ya mkanda wa taimingi, mkanda unaopanga vali na pistoni zisigongane, ile inayowaka kila kilometa 100,000, ilikuwa imetolewa balbu, kwa hiyo tukahesabu kwamba mkanda haujulikani umri wake na lazima ubadilishwe kabla ya safari ya kwanza. Katika injini hii mkanda ukikatika, vali na pistoni vinakutana, na hapo hata kompresheni ya 27 haikusaidii kitu.

Ndipo nikaingia chini. Hapakuwa na shimo la gereji. Nililala kwenye mkeka uani kwa mzee, jua limeshapanda. Upande wa mbele chesesi ilikuwa na vumbi na oili ya miaka. Kuanzia katikati kwenda nyuma ilikuwa nyeusi tii, imepakwa rangi ya lami. Nikaigonga kwa mpini wa nyundo upande wa nje, mahali nilipofika. Ikalia vizuri. Upande wa ndani, juu ya eksi ya nyuma, tairi ya akiba na kibebeo chake vilinizuia. Nilitaka kuishusha, mnyororo wake ulikuwa umeshikana kwa kutu. Nikaacha.

Katika daftari langu, ambalo bado ninalo, kuna mistari mitatu ya kipande hicho. Upande wa mazuri: “mirija ya breki nyuma mipya, shaba.” Upande wa mabaya: “difu ya mbele oili kama chai ya maziwa, badilisha oili na sili” (difu ni kasha la gia katikati ya ekseli). Na mstari uliokuwa hauna upande: “sakafu ya bodi matundu manne ya bolti, kulikuwa na kitu.” Chini ya gari nilikaa kama dakika kumi na tano.

Bei, mkataba na sababu zake

Tulikaa na Mama J. kwenye kibanda cha chai tukapiga hesabu. Giaboksi laki saba. Mkanda wa taimingi pamoja na sili zake laki mbili na nusu. Matairi manne milioni moja na laki mbili, maana yaliyokuwepo yalikuwa yamepasuka mbavuni. Oili zote na sili ya difu laki moja na nusu. Jumla milioni 2.3. Hatukumwambia mzee “punguza”, tulimwonesha karatasi. Akabisha kuhusu gia ya pili, akasema yeye ameizoea, mwishowe wakakubaliana milioni 12.2.

Ukiijumlisha na ile milioni 2.3, tayari akiba imepitwa kwa laki tano. Mama J. aliamua kuanza na matairi mawili mapya, mengine mawili yasubiri. Sikupinga, nikasema tu yaliyo mazuri yafungwe nyuma, kwenye mzigo.

Uamuzi wa pili ulikuwa wake kabisa, na ndio bora katika kisa chote. Alikataa kulipa pesa yote siku hiyo. Mkataba wa mauziano uliandikwa mbele ya wakili, milioni 10.7 ikapita benki, na milioni 1.5 ikabaki mpaka mzee aandikishe mabadiliko ya injini, alipe faini, na kadi itoke kwa jina la mnunuzi. Mzee alinuna. Ilichukua siku tisa. Ada ya uhamisho 50,000 na kadi mpya 10,000 alilipa Mama J., pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Nimeona watu wakikaa miaka miwili na gari lenye kadi ya marehemu kwa sababu walimaliza kulipa siku ya kwanza.

Ila mkataba huohuo ulikuwa na maneno “gari limeuzwa kama lilivyo baada ya mnunuzi kulikagua”. Wakili aliyasoma kwa sauti. Tukayapita.

Kilichotokea

Giaboksi ilitengenezwa, mkanda ukabadilishwa, gari likapanda mlima. Wiki saba lilifanya kazi bila neno. Injini haikupandisha joto hata siku moja.

Wiki ya nane, likishuka na viroba vya karoti na kabichi, kwa makadirio yangu kilo 900 hivi, dereva alisikia mlio kama mlango wa chuma uliopigwa na upepo. Bodi ikainama kulia. Bahati yake alikuwa anatoka kwenye kona kwa gia ya pili, ile ile tuliyoitengeneza, na akasimama kwa breki na ukuta wa udongo. Hakuna aliyeumia. Kishikio cha mbele cha springi ya nyuma kulia kilikuwa kimechomoka na kipande cha chesesi kikiwa kimebaki juu yake, kama jino lililotoka na ufizi.

Nilipanda siku hiyohiyo. Tulipokata mnyororo wa tairi ya akiba na kuitoa, bisibisi ilizama kwenye ukuta wa ndani wa mhimili bila kusukumwa. Ndani kulikuwa na vibao vya kutu vilivyojipanga kama magamba. Ile rangi ya lami ilikuwa ndiyo ukuta.

Kukata, kuunga kwa bamba jipya pande zote mbili na kutoboa matundu ya kutolea maji kuligharimu shilingi 950,000. Gari lilikaa siku 12. Kwa siku hizo alirudi kwa jirani, naye akampandishia bei. Mama J. alimpigia mzee simu. Mzee alisikiliza, akampa pole, akamkumbusha mkataba. Kisheria alikuwa na pa kusimama: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haimkingi mnunuzi aliyekagua dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuiona.

Katika mazungumzo hayo ndipo mzee alipotaja, bila kuulizwa, kwamba kabla yake gari lilikuwa la mchuuzi wa samaki.

Uchambuzi: gari lilikuwa limeshasema

Samaki wa barafu anapakiwa akichuruzika. Maji yale yana chumvi, yanapita kwenye matundu ya sakafu na kuingia ndani ya mhimili wa chesesi, ambao ni kama bomba la pembe nne: kuingia kunaingilika, kutoka ni kazi. Yanatuama mahali palipo chini kabisa, nyuma, karibu na vishikio vya springi, yaani palepale mzigo unapokalia. Kwa nje bati linabaki zima miaka mingi, kwa sababu kutu inakula kutoka ndani. Nyundo yangu iligonga upande uliokuwa bado na nyama.

Sasa rudi kwenye daftari. Mirija ya breki ya nyuma ilikuwa mipya; ya mbele ilikuwa ya kiwandani. Kwa nini nyuma tu? Kwa sababu ya nyuma ilioza. Difu ya mbele ilikuwa na maji: gari lilikuwa likiingia ufukweni kusubiri ngalawa. Matundu manne ya bolti yalishika kasha la barafu. Mnyororo wa tairi ya akiba ulishikana kwa kutu katika gari ambalo bodi yake haina kutu. Na rangi mpya ilianzia hasa pale maji ya chumvi yanapoanzia.

Dalili zote tano niliziona. Kila moja niliipa sababu yake peke yake: mirija ni matunzo, difu ni sili, matundu ni kasha la mtu, mnyororo ni uzembe, rangi ni mapambo ya kuuzia. Kila sababu inawezekana. Sikukaa hata dakika mbili kuziweka pamoja na kuuliza gari la namna gani linazaa hizi zote kwa mpigo. Lile kosa la kuweka kifaa kipya upande wa mazuri ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mimi mwenyewe huwaambia vijana gereji kwamba ukikuta boliti moja mpya kati ya kumi kuukuu, anza hapo.

Kuna na suala la muda. Saa moja na nusu kwenye kompresheni, dakika kumi na tano kwenye chesesi. Sisi mafundi tunapenda injini, ndiko ujuzi wetu unakoonekana na ndiko mteja anakotutazama kwa heshima. Lakini injini ya pikapu hii ilikwishabadilishwa mara moja na ingeweza kubadilishwa tena. Chesesi ndiyo inayolitambulisha gari kwenye kadi. Kwa gari la umri huu ningepaswa kuligeuza lile zoezi: kifuniko cha oili na kuliwasha baridi vilitosha kuniambia injini haijachoka, na geji ingengoja mpaka nimetoka chini.

Swali ambalo halikuulizwa siku zote mbili ni hili: “Mzee, kabla yako lilikuwa linafanya kazi gani?” Tuliuliza amelinunua lini, tuliuliza kwa nini anauza. Hakutudanganya kuhusu samaki, kwa sababu hatukumpa nafasi ya kudanganya wala ya kusema kweli. Na gari lilikuwa na harufu; Mama J. aliniambia baadaye kwamba aliisikia kwenye kiti adhuhuri ya siku ya kwanza, akadhani ni ya mji.

Majaribio nayo yalikuwa mepesi mno. Tuliliendesha tupu, Tanga mjini, kwenye barabara iliyonyooka, gari lililonunuliwa kwa ajili ya kushuka mlima na karibu tani moja. Viroba kumi vya mchanga na tuta mbili tatu pengine vingelifanya lilie mapema. Sina hakika na hilo, kutu ya namna hii hukaa kimya hadi siku yake. Shimo la gereji na tairi ya akiba chini vingetosha zaidi. Gereji ya kukodi saa moja ilikuwa shilingi 10,000, umbali wa mitaa mitatu.

Kilichofanya kazi nisikifiche. Kurudi alfajiri kulitupa injini ya kuaminika, na bado ni ya kuaminika. Kulinganisha kadi na bloku kuliokoa usumbufu mkubwa. Pesa iliyobakizwa ndiyo iliyomtembeza mzee siku tisa. Ila kama Mama J. angeomba kipengele kimoja tu kwenye mkataba, kwamba muuzaji anatamka chesesi haijawahi kuungwa wala kuzibwa, mzee angelazimika ama kukataa kuandika, na hapo tungejua, ama kuandika uongo, na hapo “kama lilivyo” yake isingemkinga vile.

Je, tungeiona kutu, asingelinunua? Tulilizungumza hilo tukisubiri mchomeleaji. Mama J. alisema angelinunua bado, ila kwa milioni 11, na angelipeleka kuungwa kabla ya kupakia kiroba cha kwanza. Nilitaka kumrudishia ada yangu ya ukaguzi, 80,000. Akaikataa. Akasema niiweke kwenye matairi mawili yale yaliyobaki, na nisimame pale mpaka bamba la upande wa ndani lichomelewe nikiliona kwa macho.